Shamba lilikwenda kwa deni: kupanda nasaba kwa mafaili ya kesi za Zanzibar

Swali: Babu yangu mzaa baba alikuwa na shamba la mikarafuu upande wa Wete, Pemba. Wazee wanasema lilichukuliwa na mkopeshaji wa Kihindi kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Tunalijua jina lake na la baba yake tu, juu ya hapo hatuna kitu. Nimesikia kwamba mafaili ya kesi za madeni bado yapo Unguja. Je, yanaweza kunisaidia kupanda nasaba, au nitakuta hesabu za fedha tu? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Yanaweza kukusaidia sana, ndugu yangu, na mara nyingi kuliko vyeti. Mkopeshaji hakuwa na haja na nasaba ya mtu, ila alikuwa na haja kubwa ya kumbana mdaiwa wake asije akasema "huyo si mimi". Pemba ya wakati ule kina Salim bin Said walikuwa chungu nzima, na hati yenye jina la mtu na la baba yake peke yake haimfungi yeyote. Kwa hiyo mwandishi wa hati aliandika jina, baba, babu, pengine na baba wa babu, kisha nisba (jina la ukoo au kabila), kisha mahali anapokaa. Umekwama kwenye majina mawili. Hati moja nzuri ya deni inaweza kukupa mawili zaidi kwa mstari mmoja.

Lakini usianze na kesi ya babu akiwa hai. Anza na kesi iliyofunguliwa baada ya mtu kufa, iwe ni babu mwenyewe au baba yake. Kwa sharia, mali ya marehemu hutolewa kwanza gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia, na kinachobaki ndicho wanachogawana warithi. Maana yake mdai hana budi ajitokeze kabla mirathi haijagawiwa, na akienda mahakamani anawashitaki warithi au msimamizi wa mirathi. Ili ashinde lazima awataje: mjane fulani binti fulani, watoto wa kiume, watoto wa kike na waume zao, na walio wadogo pamoja na jina la mlezi wao. Kesi ya mtu aliye hai inakupa mtu mmoja na baba zake. Kesi ya marehemu inakupa nyumba nzima.

Ukibahatika kukuta ndani ya faili karatasi ya kadhi ya mgawo wa mirathi, usiangalie majina tu. Soma hesabu, maana hesabu inasema hata yale ambayo karani hakuyaandika. Chukua marehemu aliyeacha mke mmoja, wana wawili na mabinti watatu. Mke anapata thumni, yaani 1/8. Zinabaki 7/8, na kwa kuwa fungu la mwana ni mara mbili ya la binti, kila mwana anapata mafungu 2 na kila binti 1. Jumla ni mafungu 8: mke 1, wana 2 na 2, mabinti 1, 1 na 1. Sasa tuseme karatasi imegawa mali hiyohiyo kwa mafungu 168, na humo wana wamepata 34 kila mmoja, mabinti 17 kila mmoja, mke 21, na kuna mtu mwingine mwenye 28. Huyo wa 28 ana sudusi, 1/6. Akiwa mwanamke, kwa kawaida ndiye mama wa marehemu, bado hai siku mwanawe alipokufa (au bibi yake, ikiwa mama alitangulia kufa), na umepanda daraja moja upande wa kike, upande ambao wazee wetu aghalabu wanausahau. Akiwa mwanamume, ni baba, au babu ikiwa baba alitangulia kufa. Na kama warithi wote ni watu watano sita lakini mali imegawiwa kwa mafungu mamia na maelfu yasiyoelekea, ujue mrithi mmoja alifariki kabla ya mgawo na fungu lake limegawiwa tena kwa warithi wake. Tafuta jina lake. Huenda ameacha mjane na watoto ambao familia yenu imepoteza habari zao.

Wake wawili wanagawana ile thumni moja. Kwa hiyo ukiona wanawake wawili wenye 1/16 kila mmoja, hao ni wake wenza. Ukiona ndugu wa marehemu wamo katika warithi, hakuacha mwana wa kiume, kwa sababu mwana huwazuia ndugu.

Hapa ndipo watafiti wengi wanapoanguka: orodha ya warithi si orodha ya watoto. Mtoto aliyekufa kabla ya baba yake hamo, na watoto wake nao hawamo ikiwa marehemu aliacha mwana aliye hai. Mke aliyeachwa hamo. Suria hamo, ingawa watoto wake wamo kwa haki sawa na wa mke wa ndoa. Kwa hiyo ukimwona mtoto ndani ya orodha na huoni mama yake, usikimbilie kusema mama alikufa; uwezekano ni mitatu au minne, na faili lingine ndilo litakaloamua. Mtoto wa kulea hamo pia, hata kama nyumbani aliitwa mwana maisha yake yote.

Aina nyingine ya deni inayopitwa bila kuangaliwa ni mahari. Mahari ambayo haikulipwa ni deni juu ya mume, na mume akifa mjane husimama pamoja na wadai wengine. Dai la namna hiyo huwa na jina la mke na la baba yake, kiasi cha mahari, na mara nyingine mashahidi wa ndoa na mwaka ilipofungwa. Kwa nasaba hilo ni sawa na cheti cha ndoa, ila limo katika faili ambalo jalada lake linasema kesi ya fedha.

Sasa njia ya kuyafikia. Nyaraka za Zanzibar zipo Kilimani, mjini Unguja. Mafaili ya mahakama yamewekwa chini ya herufi HC. Rejista za hati za zamani za enzi za Konseli ya Kiingereza (ofisi ya mwakilishi wa Uingereza) zipo chini ya AM, na mafaili ya Kamisheni ya Wakfu chini ya HD. Kwa shamba la karafuu la kabla ya vita, HC ndiyo ya kwanza. HD usiiache, kwa sababu watu waliokuwa na madeni waliweka wakfu nyumba na mashamba, na wadai wakaja kudai kwamba wakfu ule ulikuwa wa kuikwepa haki yao. Ugomvi wa namna hiyo hulazimisha pande zote zieleze nani ni mtoto wa nani tangu aliyeweka wakfu.

Kabla hujavuka bahari, andika karatasi moja yenye mambo haya: jina la babu kwa kila namna linavyoweza kuandikwa, jina la shamba au mtaa, mudiria (eneo la mudiri, mtawala wa sehemu hiyo), jina la sheha wa wakati ule kama wazee wanalikumbuka, na jina la mkopeshaji. La mwisho ndilo la maana kuliko yote. Rejista za kesi za madai zimepangwa kwa mwaka na namba, zikiwa na jina la mdai na la mdaiwa. Jina la babu yako liliandikwa na karani aliyelisikia mara moja, kwa herufi za Kiingereza, na linaweza kuwa limepinda. Jina la mkopeshaji liliandikwa mara nyingi kwa mwaka na yule yule karani, na wakili wake alilipeleka limeandikwa tayari. Kwa hiyo teremka na safu ya wadai, si ya wadaiwa. Ukilikuta jina la mkopeshaji, soma wote aliowashitaki mwaka ule na miaka miwili kila upande. Mara nyingi ni watu wa kijiji kimoja, na kati yao wamo ndugu na mashemeji waliodhaminiana. Pale faili lenyewe lilipokwisha kuliwa na mchwa, mstari wa rejista bado unakupa majina, kiasi na tarehe, usiudharau.

Kuhusu majina yaliyopinda: kwa herufi za Kiarabu bila irabu, Hamad, Hamed na Hemed ni kitu kimoja, na anayetafsiri anachagua analolipenda. Mbarak na Mubarak, Seif na Sefu, Khalfan na Halfani, ni mtu yule yule mpaka ithibitike vinginevyo. Majina ya mahali yana mtihani zaidi, maana Kiarabu hakina p, g, v wala ch, na mwandishi aliweka b, k, f au sh. Pemba yenyewe katika hati za Kiarabu huitwa al-Jazira al-Khadra, yaani kisiwa cha kijani. Mtu asiyelijua hilo anaweza kuipita hati yake mwenyewe.

Ukishapewa faili, usianze ukurasa wa kwanza. Nenda kwenye karatasi za kukaza hukumu, zile za kukamata mali na za mnada. Hapo ndipo penye maelezo ya shamba, jina la dalali, jina la mnunuzi, na mara nyingi pingamizi la jamaa anayesema "sehemu ya shamba hili ni yangu, nilirithi kwa mama yangu". Pingamizi moja la shangazi lina nasaba kuliko hati ya madai nzima. Baada ya hapo rudi kwenye hati ya madai, kisha majibu ya mdaiwa, na mwisho vielelezo. Vielelezo ndivyo vya kusoma polepole: hati ya deni yenyewe, kwa Kiarabu au Kiswahili cha herufi za Kiarabu, na pengine ukurasa wa daftari la duka kwa Kigujarati. Ikiwapo tafsiri ya Kiingereza, piga picha zote mbili. Tafsiri ya mahakama ilifanywa kwa ajili ya deni, na mtafsiri aliyekuwa na haraka alikata mlolongo wa majina akabakisha mawili. Ya asili inayo manne.

Katika hati ya shamba tafuta mipaka. Hati hutaja pande nne, kibla, suheli, matlai na magharibi, na kwa kila upande jina la jirani. Kwetu pwani kibla ni kaskazini, suheli ni kusini na matlai ni mashariki. Majirani hawa si wageni. Mashamba mengi madogo yalitokana na shamba moja kubwa lililogawiwa kwa mirathi, na anayepakana na babu yako upande wa suheli anaweza kuwa ndugu yake au mtoto wa ami yake. Linganisha majina ya baba na babu ya jirani na ya babu yako; yakikutana kwa jina la tatu, umempata mzee aliyekuwa na shamba zima. Mara nyingi njia hii inafika juu zaidi ya mlolongo wa majina, na ni wachache wanaoitumia.

Tahadhari kubwa kwa hati za karne ya 19 na za mwanzo wa karne ya 20 ni bei ya khiyari. Riba ni haramu, basi mkopo ulivikwa nguo ya mauzo. Mwenye shamba "anauza" kwa mkopeshaji kwa sharti kwamba akirudisha fedha ndani ya muda fulani shamba ni lake tena. Wakati huo huo anabaki shambani na kulipa "kodi", ambayo kwa kweli ndiyo faida ya fedha. Ukisoma hati hiyo peke yake utaandika kwamba mzee aliuza shamba mwaka huo, na utakuwa umekosea. Wengine "waliuza" shamba lile lile mara tatu na wakafa nalo. Mauzo hayahesabiwi mpaka uone kwamba muda wa khiyari ulipita, au uone mnada, au hati ya kukata kabisa.

Tarehe nazo zina mitego. Hati ya Kiarabu ina mwaka wa Hijria. Kwa makadirio, toa kutoka mwaka huo sehemu yake moja ya 33, kisha ongeza 622: 1345 inakupa 1926. Lakini mwaka 1345 ulianza Julai 1926 ukaisha katikati ya 1927, kwa hiyo tazama mwezi kabla hujaandika. Na usiku wa Ijumaa wa Kiswahili ni Alhamisi jioni, hivyo kifo kilichoandikwa na kadhi na kilichoandikwa na hospitali vinaweza kupishana siku moja bila mtu kukosea. Daftari la Kigujarati linatumia mwaka wa Samvat, wa kalenda ya Kihindu, unaoanza baada ya sikukuu ya Diwali (Oktoba au Novemba): toa 57 kwa miezi ya kuanzia Diwali hadi Desemba, na 56 kwa iliyobaki.

Fedha vilevile. Hati za zamani zinataja riale, za baadaye rupia, na tangu 1936 Zanzibar ilitumia shilingi, rupia 1 ikabadilishwa kwa shilingi 1.50. Kwa hiyo deni la rupia 1,000 katika faili la 1934 na la shilingi 1,500 katika faili la 1937, kwa mdai na mdaiwa wale wale, karibu hakika ni deni moja lililoendelea. Watu huligeuza kuwa madeni mawili, na kutoka hapo wakamgeuza mdaiwa kuwa watu wawili wenye jina moja.

Kwa kipindi chako kuna jambo la ziada. Bei ya karafuu ilianguka, mashamba yakawa yanawatoka Waarabu na Waafrika kwenda kwa wadai, na mwaka 1934 serikali ikatoa amri kwamba ardhi yao isihamishiwe watu wa jamii nyingine bila ruhusa ya Balozi Mkaazi wa Kiingereza. Mwaka 1938 ikafuata sheria ya kumaliza madeni yaliyowekewa ardhi rehani. Kwa hiyo kama shamba lilikuwa na rehani miaka ya 1930, habari zake zinaweza zisiwe katika kesi ya kawaida bali katika karatasi za utekelezaji wa sheria hizi, nazo ni nzuri kwako, kwa sababu ili kujua kama mtu anahusika na amri ilibidi iandikwe yeye ni kabila gani. Chukua jibu hilo kwa hadhari. Mtu aliyeandikwa Mhadimu au Mswahili katika karatasi moja anaweza kuwa Mwarabu katika nyingine, kutegemea nini kilikuwa na faida siku ile.

Na uwaulize wazee tena, kwa upole, kama wana hakika ni deni. Mashamba mengi yalitwaliwa na serikali baada ya Mapinduzi ya 1964 na kugawiwa watu eka tatu tatu. Katika kumbukumbu za familia misiba miwili ya namna hii hujiunga ikawa mmoja. Ukitafuta kesi ya 1935 kwa shamba lililoondoka 1965 utachoka bure.

Kuna jambo ambalo baadhi ya familia hazipendi kulikuta, nalo ni utumwa. Hadhi ya kisheria ya utumwa iliondolewa Zanzibar mwaka 1897, lakini kesi za mirathi za watu walioachwa huru ziliendelea miaka mingi baadaye. Sababu ni kwamba mwacha huru, yaani bwana aliyemwacha mtumwa huru, au watoto wake wa kiume, walidai urithi wa aliyeachwa huru asiye na warithi wa damu wa kuimaliza mali. Katika karatasi hizo nisba ya ukoo mkubwa wa Kiarabu inaweza kuwa ya bwana, si ya damu. Ishara zake: mlolongo wa majina unakatika baada ya jina moja, au baba anaitwa Abdallah bila babu, au mtu anatajwa kwa neno khadim (mtumishi), au kabila la bara kama Mnyasa au Myao linatajwa kando ya nisba ya Kiarabu. Ukiona mbili kati ya hizi kwa pamoja, usiandike nisba hiyo juu ya mti wako kama ya damu.

Pima kila kauli kwa kuangalia nani aliisema na alipata nini. Mdai anapenda warithi wawe wengi na wenye mali. Mdaiwa anayesema "marehemu hakuwa baba yangu" anaweza kuwa anakwepa deni tu, ingawa mrithi hulipa kutoka katika mali ya marehemu, si kutoka mfukoni mwake. Kauli iliyokubaliwa na pande zote mbili ndiyo yenye uzito, na baada yake ile ambayo hakimu ameipitisha katika hukumu baada ya mashahidi kuhojiwa. Umri wa mashahidi ni wa kukisia, mara nyingi umezungushwa kwa makumi; uupe nafasi ya miaka mitano kila upande.

Kesi zilizokatiwa rufaa zina njia ya mkato. Kitabu cha kwanza cha ripoti za kesi za Zanzibar kinaanzia 1868 hadi 1918, na majina ya kesi yameorodheshwa. Rufaa za mahakama ya Konseli zilikwenda Mahakama Kuu ya Bombay. Kwako huo ni mzunguko mrefu, ila ukigundua kwamba baba wa babu alikuwa mtu wa kesi kubwa, ujue hivyo. Na kama jamaa wa Pemba walihamia Mombasa au Malindi, uliza madai ya hati za ardhi yaliyotolewa chini ya sheria ya 1908 ya pwani ya Kenya, ambamo kila mdai alitakiwa aeleze ardhi imemfikia vipi.

Piga simu au andika kwanza kuuliza kibali, ada, na kama kupiga picha kunaruhusiwa. Kila picha ianze na jalada lenye namba kamili, maana kipande kisicho na namba hutaweza kukirudia wala kumshawishi nacho mtu mwingine. Na geuza kila hati ya deni upige picha ya mgongo wake. Malipo madogo madogo yaliandikwa huko nyuma, kwa tarehe, na jina la aliyeleta fedha. Mzee akifa katikati ya deni, mwandiko haubadiliki lakini jina linabadilika, na hilo jipya kwa kawaida ni la mwanawe mkubwa, au la mjane, pamoja na alama ya dole gumba.